"Juisi ya damu": uchambuzi wa somo la lishe lililowafanya wajawazito waweke vidonge pembeni

Usuli

Kisa hiki kinatoka kwenye mradi mdogo wa akina mama katika moja ya wilaya za Mwanza zinazopakana na ziwa. Jina la mradi, kata, zahanati na watu nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ya pembeni nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Mimi niliitwa baada ya tukio, kupitia masomo yao yote na kuwasaidia kupanga upya utaratibu wa kuhakiki. Ninayoyasimulia kuhusu wiki za mwanzo nimeyapata kwao wenyewe, kwenye kumbukumbu za simu zao, na kwa mkunga aliyeligundua tatizo.

Mradi ulianzia kwa wanawake wanaoanika dagaa. Kazi ya mwaloni, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, haina saa za ofisi. Mitumbwi hurudi alfajiri, dagaa lazima waanikwe jua linapochomoza, na mjamzito anayefanya kazi hiyo akifika kliniki anakuta elimu ya lishe imeshatolewa na benchi limejaa. Mratibu wa mradi, mwalimu mstaafu, akapata wazo: somo fupi la sauti, dakika tatu hivi, litumwe kwenye simu kila wiki, wanawake walisikilize huku wakigeuza dagaa kwenye chanja. Akamtafuta mama mmoja mwenye sauti nzuri aliyewahi kufanya kazi redioni. Alikuwa anaanza kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila mayu", anaendelea kwa Kiswahili, na watu wakampenda. Baada ya muda masomo yalikuwa yanasikika Sengerema na Ukerewe, yakitumwa na mtu kwa mtu, na mradi wenyewe haukujua tena nani anayasikiliza.

Walichouliza wanawake kuliko kitu kingine chochote ni damu. Si ajabu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ule wa 2022 ukakuta 42. Pembezoni mwa ziwa kuna malaria, kuna minyoo, kuna kichocho kwa wanaoingia majini kila siku, na Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu. Chakula ni sehemu moja tu ya hesabu hiyo. Lakini mtu akiambiwa damu yake ni ndogo, swali linalomjia ni moja: nile nini?

Uhakiki ulikuwepo, tena kila mtu kwenye mradi aliuamini. Mtangazaji aliandika, mratibu akasahihisha lugha, kisha maandishi yakaenda kwa tabibu mmoja aliyejitolea. Tabibu akishasoma, anajibu. Nilipopitia mazungumzo yao nilikuta "sawa" nyingi, "sawa mama" kadhaa, na swali moja tu, nalo lilihusu siku ya kutuma. Mwisho wa kila somo mtangazaji alisema: "Somo hili limehakikiwa na wataalamu wa afya."

Kilichotokea

Somo lenyewe lilikuwa fupi. Kiini chake ni hiki:

"Mama, damu imepungua? Usihangaike. Chukua bitiruti kubwa moja, karoti moja, rozela kiganja kimoja, kamulia ndimu. Saga, chuja, kunywa glasi moja asubuhi kabla ya kula. Ni ya asili, haina madhara, na ndani ya wiki mbili utaona mwenyewe."

Lilivuma kuliko masomo yote yaliyolitangulia. Wanawake walituma sauti zao: kizunguzungu kimeisha, nimepata nguvu, mtoto anacheza vizuri tumboni. Mtangazaji akaunganisha shuhuda tatu nne na kuzitoa kama somo la pili. Hapo neno "juisi ya damu" likaanza kutumika mitaani.

Siku ya kliniki kwenye zahanati ya jirani, mkunga alimpima mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba. Wekundu wa damu (himoglobini) ulikuwa gramu 8.6 kwa desilita; kwenye kadi, kipimo cha nyuma kilikuwa 9.8. Kwa mjamzito, chini ya 11 huhesabiwa upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali ambao hausubiri. Mkunga akamuuliza kama anameza FEFO, vile vidonge vya chuma na foliki asidi wanavyopewa wajawazito.

"Niliacha, nesi. Zinanichafua tumbo, halafu choo kinatoka cheusi tii. Sasa hivi nakunywa ya damu."

"Ya damu ipi, mdogo wangu?"

Mama akatoa simu, wakasikiliza wote wawili, foleni ikisubiri nje.

Alichofanya mkunga baada ya hapo ndicho ninachokisifu zaidi katika kisa kizima. Hakumkemea yule mama, wala hakumpigia mratibu siku ile kwa hasira. Kliniki zilizofuata aliongeza swali moja kwa kila mjamzito: "Mbali na FEFO, unatumia nini kingine kuongeza damu?" Swali halikumshtaki mtu, kwa hiyo wakasema. Wengi walikuwa wanakunywa juisi na vidonge wanameza vilevile. Hao hawakuwa na tatizo lolote. Lakini kila kliniki alipata wachache walioacha vidonge, na sababu zilifanana: kichefuchefu, kufunga choo, choo cheusi. Mmoja alieleza kwamba mume wake sasa ananunua bitiruti kwa pesa iliyokuwa ya mboga ya siku. Yaani sahani imepoteza sato au dagaa, ikapata glasi ya rangi nyekundu. Hilo halikuwa limetajwa na mtu yeyote mpaka mkunga alipouliza.

Ndipo akampigia mratibu. "Shikamoo mwalimu. Juisi yenu haina ubaya, ila kuna akina mama wameifanya dawa."

Kikao kilifanyika chini ya mwembe nyumbani kwa mratibu: yeye, mtangazaji, tabibu na mkunga. Mtangazaji alijitetea kwa hoja moja, na ilikuwa ya kweli: hakuna mahali aliposema vidonge viachwe. Tabibu naye alisema alisoma kila sentensi na hakuona uongo. Bitiruti ina chuma, ina foleti, na ndimu husaidia mwili kukichukua chuma cha mimea. Alikiri kwamba zile wiki mbili zilimpita, pamoja na "haina madhara". Mengine alisimama nayo.

Mkunga akauliza taratibu: "Na ile juisi unayouza pale kibandani kwako, dada?"

Kila mtu pale alijua mtangazaji anauza juisi ya bitiruti na rozela kwenye chupa. Walikuwa wanainunua. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba ni jambo la kutajwa kwenye somo. Sikuona dalili kwamba aliandika ili auze. Alikuwa anaiamini juisi yake, na ndiyo sababu alianza kuiuza. Ila biashara ilichangamka, na msikilizaji wa Ukerewe hakuwa na namna ya kujua kwamba sauti anayoiamini ina chupa kibandani.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa hivyo

Uamuzi wa kwanza ulibishaniwa sana. Mratibu alitaka somo lifutwe kimyakimya na wiki inayofuata waendelee na mada nyingine, kwa hofu kwamba marekebisho yatawafanya watu wasiamini chochote kilichotangulia. Mkunga alikataa. Sauti ikishasambaa kwa simu za watu haifutiki. Ukifuta ya kwako, zinabaki zile walizokwisha kuzipokea wengine, na sasa hazina wa kuzirekebisha. Wakakubaliana kwamba marekebisho yatoke kwa sauti ileile, siku ileile ya wiki, na mtangazaji ataje biashara yake kwa mdomo wake. Hili la mwisho alilikataa kwanza, akaomba alale nalo, kesho yake akakubali.

Kabla ya kuandika marekebisho walifanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa tangu mwanzo. Gramu 100 za bitiruti mbichi zina chuma takriban miligramu 0.8. Bitiruti kubwa ya gramu 200 inakupa miligramu 1.6, kabla hujachuja na kutupa makapi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku kwenye vidonge, na pale ambapo upungufu wa damu umeenea sana zichaguliwe 60, pamoja na mikrogramu 400 za foliki asidi. Kuzifikia 60 kwa bitiruti peke yake kungedai kilo saba na nusu kwa siku. Tena chuma cha mimea mwili hukichukua kwa shida kuliko cha nyama na samaki. Mtangazaji alipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi alinyamaza, kisha akasema: "Basi mngeniambia hivi siku ile."

Marekebisho nayanukuu karibu yote, kwa sababu namna yalivyojengwa inafundisha:

"Mwadila mayu. Nilikuambia kuhusu juisi ya bitiruti. Leo narekebisha. Ni kinywaji kizuri, lakini haichukui nafasi ya FEFO. Kama uliacha vidonge, anza tena leo, na ukienda kliniki umwambie mkunga kwamba uliviacha. Vikikuchafua tumbo, meza usiku baada ya chakula, kwa maji, si kwa chai. Choo kuwa cheusi ni kawaida, ni chuma ambacho mwili haukukichukua. Ukiona pumzi inakata, moyo unakwenda mbio, au unataka kuanguka, usisubiri siku ya kliniki. Na mjue hili: mimi mwenyewe nauza juisi hiyo. Nilipaswa kuwaambia tangu mwanzo."

Angalia kwamba kaulimbiu ya wataalamu haimo. Waliiondoa kabisa, na wakaacha kuitumia hata kwenye masomo yaliyofuata. Mahali pake sasa wanasema nani hasa amelisoma somo, kwa cheo chake, na mwezi na mwaka lililosomwa.

Kisha ikaja kazi niliyoitiwa: kupitia masomo yote ya nyuma. Tulichukua kila sentensi yenye dai tukaiuliza maswali manne. Nani amesema? Amewasemea akina nani? Alisema lini? Na mama akiisikia hii, ataacha kufanya nini? Swali la nne lilitokana na kisa chenyewe, na ndilo lililotupa kazi nyingi zaidi. Kwa vyanzo tulianza na vya nyumbani: Taasisi ya Chakula na Lishe, ambayo ipo tangu 1973, miongozo ya Wizara ya Afya, mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji wa 2023, na majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania ya 2008. Shirika la Afya Duniani lilikuja baada ya hapo. Maandishi ya nchi nyingine tuliyatumia pale tu tulipoelewa kwa nini yameandikwa hivyo.

Masomo mengi yalikuwa sawa. Nitaeleza yale yaliyotuchelewesha.

La kwanza lilisema mjamzito anunue foliki asidi ya miligramu 5 dukani "kwa usalama zaidi". Mtangazaji aliipata kwenye maandishi ya nje. Kuna wanawake wanaoandikiwa dozi hiyo na daktari kwa sababu maalumu, na huko yalikotoka maandishi huenda hakuna malaria ya kuhesabu. Hapa kwetu mjamzito hupewa SP kliniki kumkinga na malaria, na foliki asidi ya miligramu 5 au zaidi huifanya SP isifanye kazi yake vizuri. Dozi ndogo iliyomo kwenye FEFO haina shida hiyo. Sentensi inayofaa London inaweza kumvua mama wa Misungwi kinga yake ya malaria, na mhakiki anayetafuta "kweli au uongo" hataliona.

La pili ni maini, na hapa tulibishana siku nzima. Somo moja lilihimiza maini kila siku. Jingine, la miezi kadhaa baadaye, lilipiga marufuku maini kwa mjamzito. Yote mawili yalikuwa na "sawa" ya tabibu. Marufuku ilitoka Uingereza, ambako ushauri rasmi ni mjamzito asile maini kabisa, kwa sababu ya wingi wa vitamini A: gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina zaidi ya mikrogramu 9,000, na kiwango cha juu cha siku kwa mjamzito ni 3,000. Ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini mama wa mwaloni anayepata maini mara chache, mwenye damu ya 9, akiambiwa asiyaguse atakula nini badala yake? Afisa lishe wa eneo lile aliamua: kipande kidogo, mara moja kwa wiki, si kila siku, na mtu asijinunulie vidonge vya vitamini A. Mimi ningeongeza onyo la miezi mitatu ya kwanza. Lilishindwa kwa hoja kwamba wengi hawajui kama wana mimba mpaka miezi hiyo inapita. Sikuafiki, lakini sababu imeandikwa, na atakayekuja baadaye ataikuta.

Kulikuwa na sentensi tamu kuhusu dagaa, kwamba wana kalsiamu mara nyingi zaidi ya maziwa. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo ana kalsiamu kweli. Ila mlinganisho ulikuwa gramu 100 za dagaa mkavu kwa gramu 100 za maziwa ambayo karibu yote ni maji. Nani anakula gramu 100 za dagaa mkavu kwa mlo mmoja? Tuliibadilisha ikawa kiganja kimoja. Na lilikuwepo somo lililowaahidi waliojifungua tone la vitamini A. Shirika la Afya Duniani liliacha kulipendekeza kwa akina mama hao mwaka 2011. Hakuna aliyekosea siku kijitabu walichonakili kilipoandikwa. Kilikuwa hakina tarehe tu.

Utaratibu mpya ukawa hivi kwa ufupi. Wanasoma wawili, mkunga na afisa lishe, kila mmoja peke yake, na neno "sawa" halipokelewi: lazima aandike sentensi moja anayoona ina hatari kuliko nyingine, hata kama anaipitisha. Anayeuza kitu hasomi wala haandiki somo linalokihusu. Na kabla ya kutumwa, somo husikilizishwa kwa wanawake wachache mwaloni, kisha wanaulizwa "kesho utafanya nini?" Hawaulizwi kama wameelewa, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo.

Matokeo

Yule mama wa 8.6 alirudi kwenye vidonge, kwa dozi aliyopangiwa na mkunga, akimeza usiku. Alipimwa pia malaria, na kadi ilionyesha hakuwahi kupewa dawa ya minyoo kwenye mimba ile, akapewa. Alijifungua akiwa juu ya 10. Mradi ulitaka kuitumia habari yake kama ushuhuda wa mafanikio ya marekebisho. Niliwashauri wasifanye hivyo. Vitu vitatu vilibadilika kwa wakati mmoja, hatuwezi kusema kipi kilifanya nini, na ushuhuda ndio uliotufikisha hapa.

Mkunga aliendelea na swali lake. Anasema wanaoacha vidonge kwa ajili ya juisi wamepungua sana, ingawa hajaweka takwimu na simlaumu, ana kazi ya watu watatu.

Masomo sasa hutoka kila wiki mbili. Wasikilizaji walilalamika, wengine wakauliza kama mtangazaji anaumwa. Baadhi walijitoa baada ya marekebisho, na mama mmoja alituma sauti ndefu ya hasira akidai wamenunuliwa na kampuni za vidonge. Lakini lilitokea pia jambo ambalo mratibu hakulitarajia: maswali yaliongezeka, na yalikuwa maswali ya aina nyingine. Zamani waliuliza nile nini. Sasa wanatuma vitu walivyosikia kwingine wakiuliza kama ni kweli: kwamba mayai humfanya mtoto azaliwe bila nywele, kwamba mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, hayafai kwa anayenyonyesha. Mtangazaji bado ndiye sauti ya mradi. Kibanda chake kipo, na kwenye chupa amebandika karatasi: "Si dawa."

Uchambuzi: kilichofaa na kilichokwama

Kosa kubwa la somo lile halikuwa ndani ya sentensi zake. Ukimpa mtaalamu maandishi na kumwambia "angalia kama kuna makosa", ataangalia yaliyoandikwa. Vidonge havikuandikwa, kwa hiyo hakuviona. Tabibu alisoma akiwa na FEFO kichwani. Kwake ni jambo la wazi kwamba juisi ni nyongeza. Mama anayesumbuliwa na kichefuchefu kila asubuhi alisikia ruhusa. Uhakiki wa lishe unaoishia kwenye ukweli wa sentensi humlinda mwandishi. Ili umlinde msikilizaji, ni lazima ujue anatumia nini tayari na anatafuta sababu ya kuacha nini. Maarifa hayo hayakuwa kwenye kitabu chochote, yalikuwa kwa mkunga, na mkunga hakuwa kwenye mnyororo wa uhakiki. Walimweka tabibu kwa sababu cheo chake kinasikika vizuri zaidi mwishoni mwa somo. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kabla hata bitiruti haijatajwa.

Kaulimbiu ya wataalamu ilizidisha madhara. Bila hiyo, mama angeweza kumuuliza nesi kwanza. Aliposikia limehakikiwa, swali lilikuwa limejibiwa. Kutaja cheo na tarehe kumepunguza uzito wa somo, na kwa maoni yangu huo ndio uzito linalostahili.

Shuhuda nazo zinahitaji kusemwa wazi. Waliotuma sauti hawakudanganya. Mtu akianza kunywa kitu kitamu chenye sukari na maji kila asubuhi, kizunguzungu kinaweza kupungua siku hiyohiyo, na wengi wao walikuwa bado wanameza vidonge. Walioacha vidonge wakazidiwa hawakutuma sauti kwa mtu. Mradi wa aina hii hupokea shukrani tu, kwa hiyo kusubiri malalamiko ili ujue umekosea hakutoshi. Swali la mkunga kliniki lilitafuta pale ambapo sauti hazitoki.

Marekebisho yalifaa kwa sababu mbili ninazoziona. Yalitoka kwa sauti ileile, na yalijibu tatizo lililowafanya watu waache vidonge. Kama wangesema tu "endeleeni na FEFO", choo kingebaki cheusi na tumbo lingebaki limechafuka. Sentensi kuhusu choo ndiyo iliyorudishwa zaidi na wanawake. Kadhaa walisema hakuna aliyewahi kuwaambia. Hiyo ni lawama kwa kliniki zetu pia, maana vidonge hutolewa kwenye kibahasha na maelezo ya sekunde mbili.

Lililokwama ni la watu na muda. Afisa lishe ni mmoja kwa kata nyingi, na akisafiri somo linasubiri. Utaratibu wa wasomaji wawili unategemea hisani ya wanawake wawili wenye ajira nyingine. Mratibu ameomba halmashauri iutambue kama sehemu ya kazi ya afisa lishe, na jibu halijaja. Sauti ya zamani nayo bado inazunguka, bila tarehe, na kila baada ya muda inaibuka kliniki fulani ng'ambo.

Kuna somo moja ambalo limekaa mezani muda mrefu kuliko yote: pemba, ule udongo unaouzwa sokoni na kuliwa na wajawazito wengi. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita ulikuta arseniki, kromiamu na nikeli kwenye udongo huo, kwa viwango vinavyotofautiana. Afisa lishe anataka somo liseme acha. Mkunga anasema ukianza na "acha" hakuna atakayekiri kliniki kwamba anakula, na hamu ya udongo mara nyingi huja na damu ndogo, kwa hiyo ni ishara asiyotaka kuipoteza. Yeye anataka lianze na "ukiwa na hamu hiyo, kapimwe damu". Rasimu zote mbili zilipelekwa mwaloni wiki iliyopita. Kwenye ile ya "acha", walipoulizwa kesho watafanya nini, wanawake walicheka na kusema watakula wakiwa wamejificha. Afisa lishe ameomba rasimu ya tatu.